Kijana na chaguo la kazi: Somo kutoka Pwani ya Njoro

Jirani yangu hapa Mombasa ana binti wa miaka kumi na mitano aliyejiunga na Gredi ya 10 mwezi Januari mwaka huu wa 2026. Ni miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa kuingia sekondari pevu chini ya mtaala mpya. Kabla hata ya kufanya mtihani wa Gredi ya 9, alitakiwa achague mkondo: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Alichagua sayansi. Nilipomuuliza kwa nini, aliinamisha kichwa akasema, "Mama amesema nitakuwa daktari, ami."

Sikumlaumu yeye wala mamake. Kila mzazi anataka mwanawe apate kazi yenye heshima na mshahara. Lakini nilirudi nyumbani nikijiuliza: mtoto huyu amewahi kukaa na mgonjwa? Amewahi kumlisha mtu asiyeweza kushika kijiko? Anajua akiona kidonda ataduwaa, atakimbia au atainama asaidie? Hajui, na mamake hajui. Sisi tulio wengi tunachagua kazi kama mtu anayenunua viatu kwa kutazama picha.

Jambo ambalo wazazi wengi hawajaliangalia ni kwamba mtaala huu umeweka dawa yake humo humo. Katika sekondari pevu kuna masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi, awe mkondo gani: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na somo la kujifunza kwa kuhudumia jamii. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulizungumze. Wengi wamelipuuza kama "somo la kuokota taka". Mimi nasema likifanywa vizuri, ndilo litakalomsaidia kijana ajijue kabla hajachelewa. Na likifanywa vibaya, watakaoumia si wanafunzi. Wataumia wale wanyonge tunaowapeleka watoto wetu kwao.

Ushahidi wangu hautoki hapa kwetu. Unatoka Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Niliishi kule miaka minne nikisoma Chuo Kikuu cha Egerton.

Mwalimu wa Pwani

Njoro, si mbali na Egerton, kuna kijiji kiitwacho Pwani. Hakina bahari, wala mnazi, wala dau. Ni nchi ya mahindi na vumbi, na mvua ikinyesha barabara hazipitiki. Humo mna Shule ya Sekondari ya Keriko, ya kutwa, ya wavulana na wasichana. Machi 2019 mwalimu wa sayansi wa shule hiyo, Ndugu Peter Tabichi, alisimama jukwaani Dubai akapokea tuzo ya mwalimu bora duniani, pamoja na dola milioni moja za Marekani.

Wengi wanakumbuka zile dola. Wachache wanakumbuka alivyofika pale. Tabichi ni mtawa wa Kifransisko. Mamake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, akalelewa na babake, ambaye alikuwa mwalimu. Alikuwa akifundisha shule ya kibinafsi akahamia shule ya umma ya kijijini, ambako darasa moja lilikuwa na wanafunzi kama 58 kwa mwalimu mmoja, na shule nzima ilikuwa na kompyuta moja. Karibu wanafunzi wote walitoka katika familia maskini. Karibu thuluthi moja walikuwa mayatima au wana mzazi mmoja tu. Asilimia 80 ya mshahara wake aliwagawia wahitaji. Aliwatembelea wanafunzi makwao, wakiwemo waliokuwa wakitaka kuacha masomo. Alianzisha klabu ya kukuza vipaji na klabu ya amani.

Matokeo yake yanahesabika. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na vyuo. Mwaka 2018 wakawa 26. Vijana wake waliunda mradi wa kuzalisha umeme kwa mimea ya pale pale, ukatambuliwa na Shirika la Kifalme la Kemia la Uingereza. Shule hiyo hiyo ikapeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya sayansi kule Arizona, Marekani.

Ninamtaja Tabichi kwa sababu moja. Kazi yake na huduma yake si vitu viwili. Hakuwa mwalimu siku tano halafu msamaria siku ya Jumamosi. Kwenda nyumbani kwa mtoto aliyeshinda na njaa kulimfundisha mwalimu yule kwa nini mtoto analala darasani, na kujua hilo kukambadilisha namna ya kufundisha. Waliomjua mtoto kwa alama zake tu wasingeliona.

Mji wenye majeraha

Yeyote aliyeishi Nakuru na kata zake anajua kwamba huko mtu hahitaji kwenda mbali kutafuta mwenye shida. Bonde la Ufa la kati lilichomwa na ghasia za miaka ya 1992 na 1997, kisha ikaja ile ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, iliyoua zaidi ya watu 1,100 nchini na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka mji wa mahema. Mei 2018 bwawa la shamba la Patel kule Solai lilipasuka usiku, likaua watu wasiopungua 47. Aprili 2024 maji yakaporomoka Mai Mahiu alfajiri yakazoa nyumba na waliolala ndani.

Katika kila tukio hilo, waliofika mapema pamoja na Msalaba Mwekundu walikuwa majirani na vijana wa kawaida, bila cheo wala kazi. Mmoja aligundua kwamba anaweza kubeba maiti bila kutetemeka, na mwenzake mwenye misuli akagundua kwamba hawezi. Wengine walijikuta wao ndio wenye subira ya kukaa na mama anayelia, au wepesi wa kupanga foleni ya unga pasitokee rabsha. Mambo hayo hayaandikwi kwenye ripoti ya shule. Mtu huyaona anapokuwa ameshayafanya.

Nami nilionja kidogo. Mwaka 2011, kila Jumamosi, nilipanda matatu kutoka Njoro kwenda kwenye kituo kimoja cha watoto pembeni mwa mji. Baadhi ya watoto wale walifika pale baada ya ghasia za 2008. Nilikuwa nasomea biashara na nilijiona mtu mwema sana. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa sababu rafiki zangu walikwenda, na nilipenda kuonekana. Wiki ya kwanza nilipiga picha nyingi.

Baada ya mwezi nikaanza kujijua, na sikupenda yote niliyoyajua. Niligundua sina subira ya kufundisha hesabu. Mtoto akikosea mara tatu sauti yangu inapanda. Niligundua nachukia harufu ya mikojo na kwamba naweza kuizoea. Niligundua pia kitu ambacho sikukitarajia. Mama aliyesimamia kituo alikuwa na lundo la karatasi: barua kwa machifu, fomu za vyeti vya kuzaliwa, maelezo ya jamaa wa watoto walioachana nao mwaka wa ghasia. Hakuna aliyetaka kazi hiyo. Mimi nilikaa nayo Jumamosi nzima bila kuchoka. Nilimuuliza mtoto anakumbuka nini, mto gani, jina la duka, jina la shangazi, nikaandika. Watoto wawili walipata jamaa zao kwa barua hizo.

Biashara niliimaliza na shahada ninayo. Lakini kazi ninayoifanya leo, ya kuuliza watu maswali na kuandika wanayoyasema, ilianzia kwenye lile lundo la karatasi. Hakuna mwalimu wa ushauri aliyenielekeza huko.

"Wewe nawe utaondoka lini?"

Laiti hadithi ingeishia hapo, makala haya yangekuwa mepesi. Haikuishia hapo.

Kulikuwa na mtoto wa miaka saba hivi aliyenizoea. Kila Jumamosi alinisubiri langoni. Siku moja akaniuliza, "Wewe nawe utaondoka lini?" Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Nilicheka nikamwambia siendi popote. Mwezi uliofuata mitihani ikaanza, kisha likizo, nikapanda basi nikaja Mombasa. Sikumuaga.

Niliporudi baada ya miezi minne, mtoto hakuja langoni. Alikuwa ndani, aliniona, akageuza uso. Mama wa jikoni aliona nilivyosimama, akaniambia kwa upole, "Usijali mwanangu, hapa tumezoea. Mkija tunapika zaidi. Mkiondoka tunanyamazisha watoto."

Maneno yale hayajanitoka hadi leo. Mimi nilipata njia ya maisha yangu. Yeye alipata mtu mwingine wa kumuacha. Tulikuwa katika shughuli moja, faida ikaja kwangu na hasara ikabaki kwake.

Hili si langu peke yangu. Ni jambo ambalo serikali yenyewe imelikubali. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto. Mwaka 2022 ilikuja Sheria mpya ya Watoto, na mwaka huo huo ukatolewa mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kutoka vituoni kwenda kwenye familia na jamii zao. Wengi wa watoto tunaowaita mayatima wana mzazi au jamaa aliye hai. Kilichowafikisha kituoni ni umaskini. Kituo kinachopokea wageni wengi wenye zawadi kinapata sababu ya kutowarudisha watoto makwao. Kwa hiyo yule mgeni mwema mwenye kamera anaweza kuwa ndiye anayelipa ili mtoto aendelee kukaa mbali na shangaziye.

Na tukiwa wakweli, nasi huku Pwani tunayo mazoea hayo. Ramadhani ikifika, au Krismasi, magari yanapanga foleni nje ya vituo vya watoto na makao ya wazee. Mchele, mafuta, picha, kwaheri. Mwezi wa Shawwal haufiki mwisho hakuna aliyebaki. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema kutoa ni picha.

Jiji hilo hilo, macho mawili

Kuna tukio jingine la Nakuru ambalo kila anayesema "vijana wajitolee" angelikumbuka. Februari 2019 watoto na vijana wa mitaani waliripotiwa kukamatwa mjini Nakuru, wakapakiwa kwenye gari usiku na kwenda kuachwa karibu na msitu wa Chemususu, Kaunti ya Baringo, kwenye baridi. Suala hilo lilizua hasira nchini, na Seneti ikaamua kulichunguza. Mwezi mmoja baadaye, kaunti hiyo hiyo ikawa inashangiliwa Dubai kwa sababu ya mwalimu aliyewafuata watoto maskini majumbani mwao.

Mtu anayemwona mtoto wa mtaani kama uchafu wa mji hakuzaliwa hivyo, na anayemwona kama mwanafunzi hakuzaliwa hivyo pia. Macho hayo yanafundishwa. Ofisa wa kaunti, askari, daktari, karani wa kitambulisho, hawa wote walikuwa vijana wa miaka kumi na mitano. Kama hawakuwahi kukaa na mnyonge hadi wakamjua jina, siku wanapopata madaraka juu yake watamtendea kama mzigo. Ndiyo maana somo hili si la wale watakaokuwa wauguzi na walimu tu. Mhasibu wa kaunti analihitaji zaidi.

Nani anaweza kujitolea?

Kuna hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Kijana wa Kisauni au Kaptembwa atajitolea vipi wakati nyumbani hakuna unga? Kujitolea kunahitaji nauli, kunahitaji chakula cha mchana, kunahitaji mtu mwingine alete riziki. Na tumeona neno "kujitolea" likitumiwa kuficha kazi bila malipo. Vijana waliomaliza vyuo wanakaa hospitalini na shuleni miaka miwili, mitatu, wakiambiwa "endelea, nafasi itapatikana". Huko si kujijua. Ni kunyonywa.

Serikali imeonyesha kwamba inalielewa hili, ingawa nusu nusu. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani waliitwa watu wa kujitolea, na wengi hawakupata hata senti. Septemba 2023 zaidi ya 100,000 walipewa mikoba ya vifaa, jina lao likabadilishwa, na wakaahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu itoe nusu na kaunti nusu. Ni pesa kidogo kwa mtu anayezungukia kama nyumba mia moja. Lakini ni kukiri kwamba mtu anayefanya kazi ya kila siku hafai kulipwa kwa shukrani.

Hoja hii nayo inamhusu binti wa jirani yangu. Mamake anaona udaktari ni njia salama. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya mambo makubwa ilikuwa malipo ya madaktari wanafunzi, ambao serikali ilitaka walipwe shilingi 70,000 badala ya 206,000 zilizokuwa kwenye mkataba. Zama za kazi inayojilipa yenyewe kwa jina lake zimepita. Atakayedumu kwenye kazi ya kuhudumia watu ni yule aliyeijua kazi yenyewe mapema, taabu zake na utamu wake, akaichagua hivyo hivyo.

Tufanye nini?

Kwanza, shule zisiwapeleke wanafunzi mahali kumi kwa siku moja moja. Ziwapeleke mahali pamoja, muhula baada ya muhula. Kama mwanafunzi hawezi kurudi, asianzishe urafiki na mtoto mdogo. Afanye kazi nyingine, ya bustani, ya karatasi, ya kufua. Na siku ya kuondoka iwe inajulikana tangu siku ya kwanza, na watu waagwe.

Pili, tuache kufikiria vituo vya watoto peke yake. Kuna mzee asiyeona anayehitaji kusomewa dawa zake. Kuna mama mwenye mtoto mlemavu ambaye hajatoka nyumbani mwezi mzima kwa kukosa wa kumwachia. Kuna watu wanaopambana na uraibu. Huku kwetu kliniki ya kwanza ya methadoni ilifunguliwa Malindi mwaka 2015, na mashirika yanayowahudumia waraibu Pwani yanategemea sana watu ambao wenyewe waliwahi kutumia wakaacha. Hao wanajua jambo ambalo chuo hakikufundishi, na kijana akikaa nao saa mbili kwa wiki atajifunza mengi kuhusu nafsi yake. Muhimu awepo mtu mzima wa kumsimamia.

Tatu, nauli na chakula vilipwe. Bodi za shule, misikiti, makanisa na hazina za kaunti zinaweza. Somo la lazima lisiwe adhabu kwa mtoto wa maskini.

Nne, na hili ni la wazazi. Mtoto akirudi usimuulize "umepata alama ngapi?" Muulize leo ulifanya nini, nini kilikushinda, nani alikukasirisha, kitu gani ungetaka kukirudia kesho. Majibu hayo, yakikusanywa miaka mitatu, yatakuambia zaidi kuhusu kazi itakayomfaa kuliko orodha ya kozi za chuo kikuu.

Tano, walio wanyonge waulizwe. Kama mama wa jikoni angeulizwa siku ile ya kwanza, angetuambia tulete nini na tusilete nini. Hakuulizwa na mtu, nami nikiwemo.

Nilimrudia binti wa jirani wiki iliyopita. Shule yao bado haijapanga lolote kwa somo hili, wanasubiri maelekezo. Nikamwambia mamake kwamba karibu na kwao kuna bibi mwenye kisukari ambaye kidonda cha mguu kinahitaji kuoshwa kila siku, na binti yake anayemwosha amechoka. Nikamuomba amruhusu mwanawe aende Jumamosi na Jumapili, kwa muhula mzima, asikose, na akimaliza aage. Mama alifikiri kidogo akasema, "Na akiona hawezi?"

Nikamjibu, basi tutakuwa tumejua mapema, na hakuna aibu. Ila bibi aambiwe ukweli tangu mwanzo: huyu ni mwanafunzi, atakuja hadi mwezi fulani. Mama akakubali. Binti ameshakwenda mara mbili. Mara ya kwanza, nimeambiwa, alitoka nje akatapika, kisha akarudi ndani kumalizia kazi.

Sijui kama atakuwa daktari. Yeye ndiye atakayetuambia.